Siti binti Saad: Mwimbaji asiyejua kusoma aliyevuka bahari kwa nguvu ya sikio

BWIZA, Bujumbura — Katika mtaa huu Kiswahili ni lugha ya kupatana bei, ya kuulizana habari za barabara, na ya kuimba. Jua likizama, muziki hutoka kwenye baa na vibanda, na vijana wengi wanaoshika gitaa au kinanda wamejifunza kwa kumtazama mkubwa wao na kumsikiliza, bila karatasi ya nota mbele yao. Mfanyabiashara aliyevuka Kobero na marobota ya vitenge, au aliyeingia kwa Gatumba akitokea Uvira, anaweza kulala Bwiza na kusikia nyimbo za nchi tatu au nne kabla ya usingizi kumchukua.

Kiswahili hiki hakikushuka kutoka mbinguni. Kilikuja na njia ya biashara iliyotoka pwani, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, kisha ikapanda ziwa Tanganyika hadi mji uliokuwa ukiitwa Usumbura. Wachuuzi, mafundi na mabaharia waliokuja kwa njia hiyo waliacha misikiti, mapishi, lugha na mapenzi ya muziki wa pwani katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza.

Upande wa pili wa njia hiyo hiyo, katika kisiwa cha Unguja, alizaliwa mwanamke ambaye ukoo wa baba yake ulitoka Tabora. Alianza maisha akiuza vyungu kwa miguu. Hakuwahi kujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo aliimba mbele ya Sultani, akavuka Bahari ya Hindi kwenda kurekodi Bombay, na sauti yake ikauzwa madukani kabla watu wengi wa Afrika Mashariki hawajawahi kuona gramafoni. Mwanamke huyo ni Siti binti Saad.

Mtoto wa Fumba

Siti alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini magharibi mwa Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa mkulima wa asili ya Unyamwezi. Mama yake alikuwa wa asili ya Uzigua na alikuwa mfinyanzi. Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali Zanzibar. Sheria ya kuufuta ilikuja mwaka 1897, msichana huyu akiwa na umri wa miaka kumi na saba hivi.

Jina alilopewa lilieleza hali yenyewe. Aliitwa Mtumwa. Jina la Siti, lenye asili ya Kiarabu na maana ya bibi wa heshima, alilipata baadaye sana, baada ya watu wakubwa wa mjini kumsikia akiimba. Kati ya majina hayo mawili ndipo ilipo safari yake yote.

Hakupelekwa shule. Katika Unguja ya miaka ile, masomo ya kuandika yalikuwa ya wachache, na mtoto wa kike wa mkulima wa shamba hakuwa miongoni mwao. Alichojifunza kwa mama yake ni kukanda udongo, kuufinyanga, kuukausha na kuuchoma. Kutoka hapo chungu kilikuwa bidhaa, na bidhaa ilitaka kupelekwa kwa mnunuzi.

Sauti kama tangazo

Kutoka Fumba hadi Mjini Unguja ni mwendo wa karibu kilomita 20. Siti alikwenda kwa miguu, vyungu vikiwa kichwani, akipita vijiji na mitaa akinadi bidhaa yake kwa sauti. Mchuuzi yeyote anajua kazi hii. Mnunuzi yuko ndani ya nyumba, anapika au analala, na muuzaji ana nafasi moja tu ya kumfanya atoke mlangoni kabla hajapita. Sauti dhaifu hairudi nyumbani na pesa.

Sauti ya Siti haikuwa dhaifu. Inasimuliwa kuwa watu walimtambua kwa mbali kabla hawajamwona, na kwamba njia yake ya kunadi vyungu ilikuwa tayari ni wimbo. Kazi hiyo ilimpa mambo mawili ambayo baadaye yalimfaa kuliko cheti: pumzi ndefu, na mazoea ya kusikia mtu anavyoitikia. Mchuuzi anayepiga kelele bila kusikiliza hajui ni nyumba gani ya kurudia kesho.

Alikuwa pia mke na mama. Ndoa yake ilivunjika, na mzigo wa kulea ukabaki kwake. Mwaka 1911 alihama shamba na kuhamia mjini. Hakuhamia Mji Mkongwe wenye nyumba za mawe za matajiri. Alikaa ng'ambo ya mkono wa bahari, upande wa nyumba za udongo na makuti, walikoishi watu waliokuwa watumwa, wavuvi, wapagazi na wachuuzi waliotoka bara. Upande huo uliitwa Ng'ambo.

Muziki wa watu wenye vitabu

Siti alifika mjini wakati taarabu ilikuwa mali ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeupenda muziki wa Misri akauleta katika jumba lake, na akamtuma Mohammed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho kiliagiza vyombo na nyimbo kutoka Misri. Wanachama wake walikuwa wanaume, wengi wao wenye elimu ya Kiarabu. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu.

Mlango huo ulikuwa na kufuli tatu kwa mtu kama Siti. Alikuwa mwanamke, alitoka katika ukoo wa watumwa, na hakuweza kusoma neno hata moja la nyimbo hizo.

Aliyemfungulia alikuwa mwanachama mmoja wa Nadi Ikhwan Safaa aliyesikia sauti yake na kutambua kilichokuwa ndani yake. Alimpa mafunzo ya uimbaji na kumjulisha kwa wapigaji wengine. Mafunzo yenyewe hayakuwa na daftari. Mwalimu aliimba mstari, mwanafunzi akaurudia. Alipokosea matamshi ya Kiarabu, alirudishwa nyuma mpaka yakae sawa. Mstari wa pili ulifuata baada ya wa kwanza kushika.

Kwa njia hiyo Siti alijaza kichwani nyimbo za Kiarabu, kisha za Kihindi, kisha mashairi ya Kiswahili ambayo yeye na wenzake waliyatunga. Mtu mwenye daftari anaweza kusahau wimbo kwa mwaka mzima kisha akafungua ukurasa. Siti hakuwa na ukurasa wa kufungua. Wimbo aliousahau ulikuwa wimbo uliopotea, kwa hiyo aliimba karibu kila usiku, na kila usiku ulikuwa mazoezi.

Jinsi kundi lilivyofanya kazi bila karatasi

Baada ya muda Siti alikuwa na kundi lake. Majina yanayotajwa sana ni Subeti bin Ambari aliyepiga udi, Maalim Shaaban aliyekuwa mwimbaji na mtunzi, Mbaruku, na Buda. Walikutana nyumbani Ng'ambo jioni, wakazungumza habari za siku, na habari hizo zikageuka mashairi.

Ili kuelewa ugumu wa kazi yao, inafaa kulinganisha na kumbi za michezo za Ulaya na Marekani za miaka hiyo hiyo. Huko bendi ilikaa chini, mbele ya jukwaa, kila mpigaji akiwa na karatasi ya nota na taa ndogo. Mpiga tarumbeta alikuwa na sehemu yake, mpiga fidla yake, na hakuna aliyekuwa na wimbo wote mbele yake. Asiyejua kusoma karatasi hiyo alikuwa katika hatari kila mara pazia lilipofunguliwa. Njia yake ya kuokoka ilikuwa kusikiliza jirani, kukariri onyesho lote, na kutumaini kwamba kiongozi hatabadilisha wimbo ghafla.

Hata hivyo baadhi ya wapigaji wakubwa wa dunia walikuwa watu wa namna hiyo. Django Reinhardt, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910 na kufariki Ufaransa mwaka 1953, hakujua kusoma nota, na gitaa lake linasikilizwa hadi leo. Erroll Garner, mpiga piano wa Marekani aliyefariki mwaka 1977, naye hakusoma nota. Wote wawili walitegemea sikio lililonasa wimbo mzima kwa haraka kuliko macho yanavyopita juu ya karatasi.

Kundi la taarabu lilipangwa kwa namna iliyomsaidia mtu wa sikio. Vyombo vyote hufuata sauti moja ya wimbo. Udi, fidla na kanuni hupiga njia hiyo hiyo, kila kimoja kikiongeza mapambo yake, na dufu ikishika mwendo. Hakuna sehemu ya siri ambayo mpigaji mmoja peke yake anaijua. Akikosea mmoja, njia bado iko wazi kwa sababu wengine wanaishika, na aliyepotea anaweza kurudi.

Lakini mpango huo unadai jambo zito: lazima watu wasikilizane. Mwimbaji akitaka kurudia ubeti kwa sababu wasikilizaji wameupenda, hawezi kusimama na kuwaambia wenzake. Anavuta neno la mwisho, na mpiga udi anaelewa. Akitaka kukata, hushusha sauti mahali fulani, na dufu inafuata. Kundi la Siti lilikaa pamoja kwa miaka, na ukaribu huo ulikuwa ndiyo karatasi yao.

Mbele ya Sultani, na mbele ya majirani

Habari za mwanamke huyu zilivuka mkono wa bahari kutoka Ng'ambo hadi Mji Mkongwe. Akawa anaitwa kuimba katika nyumba za matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, kwenye harusi, na katika jumba la Sultani Khalifa bin Harub, aliyeshika kiti mwaka 1911, mwaka ule ule Siti alipohamia mjini.

Aliingia huko akiwa amejifunika kwa baibui, vazi ambalo kabla ya hapo lilikuwa la wanawake wa tabaka la juu, na ambalo wanawake wa Ng'ambo walianza kulivaa baada ya utumwa kufutwa. Alipoimba kwa Kiarabu, wasomi waliosikiliza hawakupata kosa la kumcheka. Mwanamke ambaye asingeweza kusoma barua ya mwaliko wake alitamka beti za lugha yao kama mtu aliyezisoma tangu utotoni.

Wapinzani walitafuta mahali pengine pa kumpiga. Walimcheka kwa sura yake na kwa kuwa aliingia mjini kutoka shamba akiuza vyungu. Matusi hayo yaliimbwa ili yaenee. Siti alijibu kwa wimbo, akieleza kwamba sura na ukoo havimfai mtu asiye na akili na adabu. Wimbo wake uliishi kuliko matusi yenyewe. Mji ulijifunza kwamba kumtukana Siti ni kumpa kazi ya usiku ule.

Badiliko kubwa alilolileta lilikuwa la lugha. Aliimba taarabu kwa Kiswahili, na hapo muziki uliokuwa wa wasomi ukawa wa kila mtu. Mpagazi wa bandarini aliuelewa. Mwanamke mpika vitumbua aliuelewa. Muziki ule ule, vyombo vile vile, lakini maneno sasa yalikuwa ya sokoni na ya uani.

Bombay, 1928

Mwezi Machi 1928, Siti na kundi lake walikuwa Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza mdomo wa gramafoni. Safari ilifanywa kwa meli kuvuka Bahari ya Hindi, kwa sababu kampuni hiyo ilikuwa na vyombo vyake vya kurekodi India. Siti huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri.

Kazi iliyomngoja huko ilikuwa tofauti na harusi ya Unguja. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu hivi. Wimbo wa taarabu, ukiachwa uende wenyewe, unaweza kuchukua mara tano ya muda huo. Ilibidi kukata: beti zipi zibaki, udi upige utangulizi wa urefu gani, kiitikio kirudiwe mara ngapi. Kundi linalosoma nota lingepunguza karatasini kwa kalamu. Kundi la Siti lilipunguza kichwani, na wote walitakiwa kukumbuka mkato ule ule kwa wakati mmoja.

Sauti ilichorwa juu ya sahani ya nta. Hakukuwa na namna ya kufuta kosa dogo katikati na kuliziba. Aliyekosea neno aliharibu nta, na kazi ikaanza upya. Kuisikiliza nta ile mara tu baada ya kurekodi kungeiharibu isifae kutengenezea santuri, kwa hiyo msanii aliondoka bila kuwa na hakika kamili ya alichoacha nyuma.

Hapakuwa na wasikilizaji pia. Mchuuzi aliyezoea kusoma uso wa mnunuzi, na mwimbaji aliyezoea kuona watu wakitunza pesa na kutikisa vichwa, sasa alikuwa na kipaza sauti tu. Aliyebaki kumsikiliza alikuwa mpigaji aliyekaa kando yake. Miaka ya kukaa pamoja Ng'ambo ndiyo iliyolipa hapo. Walirekodi nyimbo nyingi katika safari ile, kiasi kwamba kampuni ikawaita tena, na kampuni nyingine za santuri zikaanza kutafuta waimbaji katika pwani ya Afrika Mashariki.

Nani alisoma mkataba

Santuri zilizotoka Bombay ziliuzwa kwa makumi ya maelfu ndani ya miaka michache. Kwa wakati ambapo gramafoni ilikuwa chombo cha anasa, hilo lilikuwa soko kubwa. Mtu mmoja alinunua santuri, mtaa mzima ukasikiliza. Wenye migahawa waliweka gramafoni mlangoni ili kuvuta wateja. Sauti iliyokuwa ikinadi vyungu sasa ilikuwa inanadi chai ya watu wengine.

Hapa ndipo kutojua kusoma kulipokuwa na bei. Wimbo unaweza kukaa kichwani, lakini biashara ya santuri iliandikwa kwenye karatasi. Kwa kawaida ya biashara hiyo katika miaka ile, msanii alilipwa ujira wa kurekodi, na faida ya kila santuri iliyouzwa baadaye ilibaki kwa kampuni na mawakala wake. Hata msanii aliyejua kusoma hakuwa na nguvu kubwa ya kubishana. Asiyejua kusoma alilazimika kumwamini aliyemsomea.

Mfanyabiashara wa mpakani anaijua hali hiyo. Kuna anayebeba hesabu ya wateja hamsini kichwani bila kukosea franka moja, lakini akifika dirishani akapewa fomu, inabidi amtafute kijana wa kumjazia. Akili yake haina upungufu. Inakutana na mfumo uliojengwa kwa ajili ya karatasi. Ulinzi wake wa kwanza ni kuchagua vizuri mtu wa kumsomea.

Ulinzi wa Siti ulikuwa kundi lake. Miongoni mwao walikuwamo watu wenye elimu, na Maalim Shaaban, kama cheo chake kinavyoonyesha, alikuwa mtu wa kusoma na kufundisha. Shairi lililoandikwa na mwenzake alisomewa mpaka alishike. Mwenye kalamu na mwenye sauti walihitajiana, na hakuna aliyeweza kufika Bombay bila mwenziwe.

Habari za mahakamani zilizoimbwa

Nyimbo za Siti hazikuwa za mapenzi peke yake. Kundi lake liliimba kuhusu maafisa wala rushwa, waume wanaopiga wake zao, na mahakama zinazomfunga mnyonge na kumwacha mwenye nguvu. Kwa watu wa Ng'ambo ambao hawakuweza kusoma magazeti, wimbo ulikuwa gazeti.

Wimbo unaojulikana sana ni Kijiti. Unahusu kisa cha mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam kutembea Unguja na akauawa. Mtu aliyetuhumiwa, Kijiti, alivuka bahari na kutorokea bara. Wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio waliobeba adhabu. Siti na wenzake waliliimba jambo hilo wazi, na wimbo ukavuka bahari ile ile aliyoivuka mtoro. Mahakama ilifunga faili, lakini santuri iliendelea kuzunguka katika nyumba za watu.

Kisa hicho kinasikika vizuri hata leo katika miji ya mipaka. Mkosaji akishavuka, sheria ya upande mmoja huishia kwenye mto, ziwa au kizuizi cha barabarani. Aliyebaki, mara nyingi mwanamke na mara nyingi asiye na wakili, ndiye anayeulizwa maswali. Siti hakuwa na cheo cha kubadilisha hukumu. Alichoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba watu hawasahau nani alikimbia na nani alifungwa.

Miaka ya mwisho

Miaka ya 1930 ilileta mdororo wa uchumi wa dunia, na biashara ya santuri ikapungua. Siti aliendelea kuimba Unguja na kualikwa kwenye sherehe. Wasichana wadogo walimsikiliza na kumwigiza. Mmoja wao alikuwa Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Bi Kidude. Naye alijifunza kwa sikio, akabeba nyimbo za Siti katika majukwaa ya nchi nyingi hadi alipofariki mwaka 2013.

Kabla Siti hajafa, mwandishi Shaaban Robert alikutana naye, akamsikiliza akisimulia maisha yake, kisha akayaandika katika kitabu alichokiita Wasifu wa Siti binti Saad. Shaaban Robert, mzaliwa wa eneo la Tanga, alikuwa tayari mmoja wa waandishi wakubwa wa Kiswahili. Mwanamke aliyeishi bila kitabu akawa kitabu, na wanafunzi wa vizazi vilivyofuata wakakisoma shuleni.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Alikuwa na umri wa miaka karibu 70. Mwaka 1988 chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake, kililiita Sauti ya Siti.

Katika Mji Mkongwe wa leo kuna chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, ambako kijana wa Ng'ambo anaweza kujifunza udi, kanuni na fidla, na pia kusoma nota. Ni jambo jema. Anayesoma nota anaweza kucheza na kundi asilowahi kukutana nalo, na anayesoma mkataba hahitaji kumtegemea wakala. Siti angefaidika na mambo hayo mawili, na hasa la pili.

Lakini walimu wa taarabu bado wanamwambia mwanafunzi aweke karatasi chini baada ya muda, asikilize udi. Na katika Bwiza, kijana aliyekaa pembeni ya bendi Jumamosi usiku, vidole vyake vikitembea juu ya goti kufuata gitaa la mkubwa wake, anasoma katika darasa lile lile. Ukoo wa baba yake Siti ulitoka Tabora ukaelekea pwani. Lugha aliyoiimba ilipita Tabora ikaelekea huku ziwani. Wanaovuka Kobero kila wiki wanaibeba bado, pamoja na marobota yao, na wengi wao, kama yeye, wamehifadhi hesabu yote kichwani.